Chuchu ya Mwanambuzi na Chuchu ya Mtoto

Mwezi jana tulimzika nyanya yangu nje ya Kakuma, kwenye ardhi ngumu iliyowafanya wachimbaji wapokezane sululu tangu asubuhi mpaka jua likasimama. Nikarudi Lodwar nikaendelea na shughuli zangu, kwa sababu watoto hawajui matanga, wanajua njaa tu. Baadaye kidogo nilimpeleka binti yangu mdogo kliniki kupimwa uzito. Tukiwa kwenye benchi, mwalimu wa lishe akatuonyesha picha za kifungua kinywa cha mtoto aliyeanza kutembea: yai, ndizi, parachichi, uji wa wimbi uliotiwa maziwa.

"Daktari," mama mmoja akamwita, ingawa yule si daktari, "hii parachichi tunatoa wapi?"

"Sokoni, mama."

"Ile ya soko inatoka Kitale na lori. Ikifika Kainuk imeshazeeka. Ikifika hapa ni ajuza kama mimi."

Watu wakacheka, na mwalimu mwenyewe akacheka. Kisha akatuuliza: je, kwenu, nyinyi mkiwa wadogo, mtoto alipewa nini asubuhi? Huyu akasema chai ya rangi, yule akasema hakuna. Mimi niliinama nikajifanya natengeneza kofia ya mtoto. Ningeanza kujibu pale, nisingemaliza. Acha nikujibu wewe, rafiki yangu, hapa ambapo hakuna foleni nyuma yangu.

Boma letu lilikuwa ng'ambo ya laga ya Tarach, mto wa mchanga unaopata maji wakati wa mvua tu, mahali ambapo ukipanda juu ya kichuguu ungeona mabati ya kambi ya wakimbizi yakimeta kwa mbali. Tulikuwa nyanya aliyemzaa baba, mama yangu, mimi, na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ameanza kutembea juzijuzi na bado anaanguka akisahau. Baba alikuwa malishoni na mifugo, mbali. Mama aliondoka kabla hakujapambazuka, mzigo wa kuni kichwani, akauze kambini. Kwa hiyo asubuhi zetu zilikuwa za nyanya.

Ziliamshwa na sauti yake ya kutikisa makaa. Alichukua kaa la moto la mti mgumu, akalitia ndani ya elepit, chombo cha mbao cha kukamulia, akafunika, akatikisa, kaa likagongagonga ndani kama jino lililong'oka. Kisha alimwaga majivu, akapangusa. Maziwa yaliyokamuliwa humo yalinukia moshi, na mtoto aliyeyazoea hataki mengine. Siku nzuri mdogo wangu alipewa maziwa hayo yangali na joto la mbuzi, na kidole cha samli juu yake. Makoma, matunda ya mkoma, yakiiva, nyanya aliyaponda unga, akauloweka, akamlisha kwa ncha ya vidole. Ng'ombe akitolewa damu, kidogo ilichanganywa na maziwa ya mtoto. "Ya magoti," alisema nyanya. "Huyu anaanguka sana." Na alikuwa na msemo wake, kwamba tumbo la mtoto huamka kabla ya jua, na anayelichelewesha atalipwa usiku kwa kilio.

Ila kanuni yake kubwa ilikuwa hii: mbuzi ana chuchu mbili, moja ya mtoto wake na moja ya mtoto wetu. Kazi yangu ilikuwa kumshika mwanambuzi shingoni wakati nyanya anakamua upande wetu, nikiusikia moyo wake mdogo ukidunda mkononi mwangu, kisha kumwachia arukie upande wake. Mdogo wangu alikaa mchangani mbele yetu akipiga makofi. Hakuwa na neno la mwanambuzi wala la maziwa. Vyote viwili aliviita "mee".

Mwaka ninaousema mvua haikuja, na ile ya kabla yake ilikuwa ya kutudanganya tu. Baba aliwapeleka mifugo kaskazini, upande wa Kaikor, akatuachia mbuzi mmoja wa maziwa, wa kahawia, mwenye mtoto anayenyonya. "Huyu ni wa mdogo," alisema, akimaanisha mdogo wangu. Hakusema wa nani mwingine. Sisi wakubwa tungejua wenyewe.

Mwanzoni tulijua. Kambini kulikuwa na mama mmoja wa Sudan Kusini aliyenunua kuni za mama yangu kwa unga wa mtama. Alipima unga wa kuni, halafu akaongeza kiganja kimoja pembeni. "Hii ya kuni," alisema. "Hii ya mtoto. Usichanganye." Uji wa kile kiganja nyanya aliutia ndani ya elepit, upate moshi, ndipo mdogo wangu akubali kuunywa. Lakini chakula cha kambini kikapunguzwa, na kiganja kikawa vidole, na siku moja yule mama akamshika mama yangu mkono akamwambia, "Dada, hata mimi natafuta." Mama alirudi akatueleza bila hasira. Sikuwahi kumsikia akimlaumu.

Sasa ikabaki chuchu moja. Na mbuzi mwenyewe alikuwa akila maganda na karatasi.

Nywele za mdogo wangu zikageuka rangi ya vumbi. Akaacha kutembea. Hakuanguka tena, kwa sababu hakusimama tena. Jirani yetu, mwanamke wa maneno mengi ambaye nyanya alimpenda kwa sababu hiyo hiyo, alikuja asubuhi moja akatukuta tunakamua.

"Ejok," akasalimu.

"Ejok noi," nyanya akajibu bila kugeuka.

"Nzuri sana iko wapi hapa? Wewe mzee, unamnyonyesha mwanambuzi na mtoto wa mwanao anakauka. Kichinje hicho kitu. Mtoto apate chuchu zote mbili, na nyama mle."

"Nikikichinja, mama yake atanyamaza. Hatateremsha hata tone."

"Mbuzi si mke mwenza wako umwogope!"

"Na wewe umewahi kukamua mbuzi mwenye msiba? Kaa chini, unamtisha."

Jirani akakaa, akacheka, kisha akamtazama mdogo wangu na kicheko kikakatika.

Mama naye aliona mtoto anakauka. Jioni hiyo alimvua mtoto nguo akampapasa mbavu, akasema kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu wa kubishana na mkwe wake: "Mama, mpe zote mbili. Naomba."

Nyanya alichokoachokoa moto mpaka ukashuka. Alijua mbuzi kuliko alivyojua kitu kingine chochote duniani. Alijua mwanambuzi akifa, maziwa yatamfuata. Alijua pia kwamba anayeombewa ni mjukuu wake. Kesho yake alipomaliza upande wetu, nilitaka kumwachia mwanambuzi, akanizuia kwa kutikisa kichwa. Akakamua upande wa pili.

Mdogo wangu alikunywa zaidi. Alishikilia elepit kwa mikono miwili na hakuiachia hata ilipokwisha. Asubuhi kadhaa zilipita hivyo, na nitakuambia ukweli, tulifurahi. Alisimama tena akashika goti langu. Tulikuwa tukimpa mwanambuzi majani ya kutafuna, lakini bado alikuwa mdogo mno kwa majani. Moyo wake nikausikia ukienda polepole mkononi, halafu asubuhi moja nikamkuta amelala kando ya ua, amepoa.

Mbuzi alilia kutwa. Nyanya alipomgusa kiwele alipiga teke, na hakukuwa na kitu.

Ndipo nyanya akafanya jambo ambalo wafugaji hulifanya kwa ng'ombe na ngamia waliofiwa na ndama. Alimchuna mwanambuzi, akaijaza ile ngozi nyasi kavu, akaipaka chumvi, akaniambia niishike pale pale nilipokuwa nikimshika mwenyewe.

"Kwa mbuzi?" jirani akashangaa. "Ng'ombe ndiyo. Ngamia ndiyo. Mbuzi atakucheka."

"Acha anicheke," nyanya alisema. "Akicheka atateremsha."

Mbuzi akainusa ngozi, akailamba, na nyanya akamwimbia wimbo wa kukamulia. Yakateremka. Machache, lakini yakateremka. Mdogo wangu alijiburuta akaja akaiwekea ngozi mkono. "Mee," akasema. Akaisukuma, akangoja iinuke. Akaisukuma tena. Nyanya aliendelea kuimba akiwa ameugeuza uso upande wa laga.

Ngozi ilitudanganyia mbuzi kwa muda mfupi. Kabla udanganyifu haujaisha, tumbo la mdogo wangu likafunguka, akaharisha. Mama alimfunga mgongoni akampeleka hospitali mchana wa jua kali. Alituambia mimi na nyanya tubaki, tukamue, tusimwache mbuzi akauke. "Akilazwa," alisema, "nitakuja kuchukua maziwa yake."

Asubuhi yake nyanya alitikisa makaa kama siku zote. Niliishika ngozi. Yalitoka ya kufunika kitako cha elepit tu. Alifunika chombo, akakiweka kivulini, akakaa karibu nacho kumzuia kuku wa jirani. Mimi nilikuwa sijala tangu juzi, na nilikitazama chombo kile. Nyanya aliniona ninavyokitazama, hakunikemea.

Jua lilikuwa bado chini tulipomwona mama akivuka laga. Alikuwa anatembea wima. Mtu aliyebeba mtoto mgongoni huinama kidogo. Ile khanga aliyombebea mdogo wangu alikuwa amejifunga kiunoni. Nyanya alisimama, akamtazama mpaka alipofika. Mama akaingia ndani akalala kifudifudi.

Nyanya akafunua elepit, akanipa. "Kunywa," akasema. "Maziwa hayangoji."

Nilikunywa. Yalikuwa matamu.

Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi, nyanya au mama. Labda mdogo wangu angekufa kwa chuchu moja na angekufa kwa mbili. Nyanya hakuwahi kusema "niliwaambia", na mama hakuwahi kusema "ulichelewa". Waliishi pamoja miaka yote iliyobaki, wakila sahani moja, na lile neno halikutoka kwa yeyote. Boma letu siku hizi ni ploti za watu, kuna duka na kinyozi. Mbuzi waliopo wanafungwa kamba na kulishwa mabaki, na mtoto wa kule asubuhi hunywa maziwa ya pakiti yasiyo na harufu ya kitu chochote. Wale wanaojua kutia moshi chombo ni wazee, na tunawazika.

Baada ya kumzika nyanya, wageni walipotawanyika, mama alikaa nami tukiosha sufuria za matanga. Tulisugua kwa mchanga. Kisha akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye sufuria.

"Asubuhi alikuwa anakunywaje?"

Nilidhani anamuulizia nyanya. Halafu nikaelewa. Mama alikuwa njiani na kuni kila siku. Asubuhi za mwanawe hakuziona hata moja.

"Alianza na povu," nikamwambia. "Alilitoa kwa kidole, akalilamba lote. Nyanya alikuwa anakamua kwa nguvu makusudi, liwe jingi. Halafu ndiyo anakunywa."

Mama aliacha kusugua.

"Povu," akasema. "Mimi jioni nilikuwa nampa maziwa yaliyotulia, povu limeisha."

Akachota mchanga mwingine, akaendelea na sufuria, ingawa ilikuwa imeshatakata.