Winchi ya Baba Happy

Miaka saba Tupokigwe hakumpa Sadock mkono. Hata msibani. Akimwona anakuja na mkono mbele, yeye anaanza kujifunga kitenge upya mpaka mtu apite.

Sababu Kamsamba nzima inaijua. Siku ya harusi ya binti yake Happy, gari la maharusi lilizama tope pale mtoni. Mume wa Tupokigwe, Hezron, akasogeza Land Rover yake yenye winchi ya umeme puani, ile mashine ya kuvutia magari, akafunga waya, akabonyeza rimoti. Winchi ikasema "tak", ikagoma kuzunguka. Wakwe wanatazama. Ndipo Sadock, fundi umeme pekee wa pale, akainama, akanusanusa, akatangaza kwa sauti ya mnadani:

"Mzee kaunguza mota! Pombe ya kimpumu hiyo, ndugu zangu. Mlevi hapewi winchi."

Hezron huyo, ambaye tangu abatizwe pombe anaijua kwa harufu ya jirani! Bibi harusi akavuka kwa miguu, gauni jeupe likatoka rangi ya chungu. Mwezi haujaisha, Hezron akavuliwa uzee wa kanisa. Akawa anakaa benchi la nyuma, mlangoni, kama mgeni asiyejua wimbo.

Sasa mwaka jana Sadock akamtuma Enoka, mnunua vyuma chakavu, aiulizie ile winchi mbovu. Tupokigwe akakataa. Enoka akarudi na jogoo. Akakataa. Mara ya tatu akaja Sadock mwenyewe.

"Mama Happy, hicho kichuma kinakusaidia nini?"

"Na wewe mota iliyoungua utaila na mboga gani?"

Sadock akacheka, lakini jicho likakimbilia winchi. Tupokigwe aliliona lile jicho. Mtu hatongozi maiti.

Akampigia simu Violet, binti wa kaka yake, fundi magari kule Tunduma. Violet akafika Jumamosi na boksi lake la spana.

"Acheni tu, kitu kilishakufa," Hezron akasema.

"Nyamaza, baba Happy. Kunyamaza ndiyo kazi unayoiweza."

Violet akawasha injini, akabonyeza rimoti. Tak.

"Shangazi, umeme unakuja, ila hauna njia ya kurudi kwenye betri. Usipopata pa kurudi, haufanyi kazi."

Akachukua waya mnene, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa winchi. Akabonyeza tena. Winchi ikanguruma, ikazunguka! Hezron akashika kichwa.

"Mota nzima kabisa hii. Ubovu uko kwenye ethi, waya wa kurudisha umeme." Akafungua bolti ya waya wa ethi pale kwenye bampa. Chini yake rangi ya bluu, nene, haina hata mkwaruzo. "Rangi haipitishi umeme. Nani alipaka hapa?"

Nani asiyejua? Kwao gari haliendi harusini bila kupakwa rangi. Sadock ndiye aliyepaka, na nyaya akazifunga tena mwenyewe, siku mbili kabla, akajisifu sokoni kwamba gari la mzee limerudia usichana.

"Basi alikosea tu," Hezron akasema.

"Alikosea siku ile. Leo anaitaka winchi. Kwa nini? Anajua!" Tupokigwe akadakia.

Violet akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti. Tupokigwe akaokota vile vipande vya bluu, akavifunga kwenye pindo la kitenge, akawakataza wote wawili kusema. Akangoja mvua.

Mvua ikaja. Jumapili moja ya Januari, watu wanatoka ibadani, gari la Sadock likazama mbele ya kanisa mpaka milangoni. Wazee wa kanisa wamesimama, Biblia kwapani. Tupokigwe akamwambia mumewe alete Land Rover.

"Ile si iliungua?" akauliza mzee Gwalugano, mkubwa wao.

"Muulize fundi."

Tupokigwe akaingia topeni mpaka dirishani kwa Sadock, akafungua pindo. "Unaijua rangi hii? Sema. Waya haufungwi mpaka useme."

Sadock akatazama vipande, akatazama wazee. Maji yalishamfika viatuni. "Niliifunga ethi juu ya rangi," akanong'ona. "Nikagundua wiki ile ile. Nikaona aibu."

"Sauti ya harusini, fundi!"

"Mota haikuungua! Mzee hakulewa!"

Gwalugano akavua kofia. Akamwendea Hezron, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee mwenzetu, tulikukosea. Jumapili ijayo, benchi la mbele."

Hezron akafunga waya kwenye gari la Sadock, akashika rimoti. Tupokigwe akavua kitenge cha begani, akakitundika juu ya waya wa chuma, ili ukikatika usiruke ukakata mtu. Winchi ikanguruma. Gari likatoka kama jino bovu.

Sadock akashuka, matope mpaka magotini, akanyoosha mkono.

Tupokigwe akachukua kitenge chake, akakikung'uta, akaanza kujifunga upya. Taratibu.