Tui Lililoonjwa na Wenye Njaa

Daftari lile ninalo bado. Jalada limeliwa na mende, lakini kurasa zipo, na kila nikitaka kujisifu kidogo kuhusu mambo ya mwaka ule, lenyewe hunisuta. Nitaandika kama lilivyoandikwa, ingawa shule yangu mimi iliishia darasa la sita na sina hakika kama haya ni ya kuandikwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nikiwa seremala hapa Bagamoyo. Shule ya msingi ya mtaani kwetu ilitaka mtu wa kufundisha kazi za mikono. Mwenye cheti hakupatikana, nikachukuliwa mimi, kwa majaribio. Wanafunzi hawakuniita mwalimu, waliniita Fundi, na sikuwalaumu.

Siku moja mwalimu mkuu akaniita ofisini, akanionyesha barua. Mkoa umeandaa mashindano ya ufundi kwa shule. Kila shule ilete chombo kilichobuniwa na wanafunzi wenyewe, pamoja na daftari la majaribio yote waliyoyafanya.

"Fundi," akasema, "wakishinda, nakuandikia barua ubaki. Wasiposhinda, namwomba afisa elimu aniletee mwenye cheti. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu mkuu."

Kazi ile nilikwisha kuipenda, na aibu yangu ni kwamba sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Kwake nilijifanya naenda shuleni kwa kuwasaidia tu.

Wanafunzi wanne wa darasa la saba nikawachagua. Hapana, si haki kusema hivyo. Alinichagulia msichana mmoja mrefu, aliyekuja na fikra yake tayari. Bibi yake alikuwa mpika vitumbua, na yeye mjukuu ndiye mkuna nazi wa nyumba, kila alfajiri juu ya mbuzi mpaka kiuno kinalia. Akataka mbuzi inayozungushwa kwa pedeli za baiskeli. Akaleta wavulana wawili: mmoja mwenye mapaja ya mpagazi, wa kupiga pedeli, na mwingine mwenye mikono mikavu, wa kushika kifuu. Wa nne alikuwa mtoto wa polisi, Mkristo, familia yao imehamia kutoka bara. Huyo wakampa kazi ya kupaka grisi.

"Mbona grisi tu?" nikauliza.

"Fundi, huyu kwao mboga inapikwa kwa maji," akasema Mapaja. "Nazi ataijulia wapi?"

Mtoto wa polisi akacheka pamoja nao. Alikuwa mpole.

Baiskeli shuleni ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu. Nilikwenda kumwomba kwa shikamoo mbili.

"Unataka baiskeli yangu?"

"Gurudumu la nyuma tu, mwalimu mkuu. Na mnyororo. Na pedeli."

"Yaani mimi nibaki na kengele."

Lakini alitoa. Lazima niseme hivyo, maana wapo waliomwita mchoyo, na mtu huyo alitembea kwa miguu miezi miwili kwa ajili ya mashine yetu.

Tulitengeneza fremu ya mbao, tukafunga chuma cha meno mwishoni mwa ekseli. Meno waliyachonga wao kwa tupa. Mimi nilikaa mikono nyuma, na daftari linashuhudia kwamba mara moja nilishika tupa, nikairudisha. Siku ya kwanza Mapaja alipiga pedeli kwa hasira, kifuu kikamponyoka mwenzake, kikaruka mpaka mlango wa darasa la pili. Darasa zima likapiga makofi.

Mashine ilipotulia, mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Hapa ndipo tulipokosea, na mimi wa kwanza. Nazi tulikuna alasiri, lakini tui nani alionje mchana? Tukakubaliana kuonja kwa futari, barazani kwangu. Mke wangu akikamua tui kwa kifumbu, nusu anaungia muhogo, nusu anatuwekea kwenye bakuli. Tunakaa mkekani, macho yote kwenye bakuli, masikio yote msikitini. Adhana ikilia, tende moja, funda la maji, halafu kijiko cha tui kinazunguka nami naandika. Mwalimu mkuu, kwa kuwa hana baiskeli ya kumfikisha kwake mapema, alifuturu kwetu siku nyingi.

Nanukuu jaribio la nne kama lilivyo: "Mapaja, tamu. Mshika kifuu, tamu. Msichana, tamu ila hana hakika. Mimi, tamu sana. Mwalimu mkuu amesema, Tui hili halina kasoro hata chembe, akaomba bakuli la pili. Mtoto wa polisi amesema lina chengachenga."

"Chenga gani?" Mshika kifuu akamrukia. "Chenga unazo kwenye meno, za ugali wako wa mchana!"

"Sijui," akasema mtoto wa polisi. "Mimi nasikia kama mchanga."

"Sisi watano tunasema tamu, wewe peke yako mchanga?"

"Mmeniuliza, nimesema."

Nikamgeukia mke wangu, mpishi wetu, atuamue. Alikuwa anatafuna muhogo amefumba macho.

"Msiniulize mimi," akasema. "Saa hizi nikipewa maji ya bahari nitaomba yaongezwe."

Tukacheka sana. Hakuna aliyesikia alichokisema. Majaribio yote saba yakaenda hivyo hivyo, watano kwa mmoja, na mara mbili nilifikiri nisiandike maneno ya yule mmoja, maana yalichafua ukurasa. Lakini kijiko kilimfikia kama kilivyowafikia wengine. Nikaandika.

Baada ya Idi tukapanda lori la chumvi kwenda mjini, mashine imefungwa kamba juu ya magunia, wanafunzi wameikumbatia kama mgonjwa. Njiani, pale Mapinga, lori lilikwama, tukashuka kusukuma. Tulifika weupe kwa vumbi, sote tunafanana na wazee.

Waamuzi walikuwa watatu. Wawili walitazama gurudumu, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mapaja alipiga pedeli, nazi ikashuka kama mvua, nazi nzima kwa muda wa kusoma Fatiha. Nikaanza kuiona barua yangu ya kubaki. Mwamuzi wa tatu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Pangani. Yeye gurudumu hakulitazama. Aliomba tui likamuliwe, akatia kijiko, akakaa nalo mdomoni.

"Wanangu," akasema, "hili mmelikamua kwenye nazi au kwenye kifuu?"

Nikaonja. Wallahi, mchanga mtupu. Nilikuwa nimekunywa chai na maandazi matatu asubuhi ile, na ulimi wangu ulikuwa na akili zake zote.

Mama akalifungua daftari. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena, mabega yakaanza kumtikisika. Akawaita wenzake, akawasomea kwa sauti.

"Mtoto wa polisi yupi hapa?"

Akainua mkono kama anayekamatwa.

"Onja."

Akaonja. "Bado lina chenga, mama."

"Na kwa nini lina chenga?"

Hilo hata mimi sikulijua. Aliyejibu ni msichana. "Kwenye mbuzi ya kukalia, mkono unasikia kifuu kimekaribia, unaacha. Huyu anazungusha kwa mguu, na mguu hausikii. Unapitiliza."

Mama akasema, "Basi wekeni kizuizi, meno yasifike kwenye kifuu," akaandika kitu.

Hatukushinda. Tulikuwa wa tatu, na walioshinda, shule iliyoleta mashine ya kupukuchua mahindi, walistahili. Niliizungusha mwenyewe, ilikuwa laini kama siagi. Mtoto wa polisi alirudi amekaa mbele na dereva. Wenzake ndio waliompisha.

Kesho yake nikasimama ofisini na daftari mkononi.

"Mmeshinda?"

"Hapana, mwalimu mkuu. Wa tatu. Tui lilikuwa na chenga."

"Chenga? Hamkujaribu?"

"Tulijaribu mara saba. Yote yameandikwa."

Akalichukua. Nilimtazama akifunua kurasa kwa haraka ya mtu mwenye hasira, halafu polepole. Kwenye jaribio la nne akakaa. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Maneno yake yalikuwa palepale, na bakuli la pili.

"Fundi, daftari hili nani mwingine amelisoma?"

"Waamuzi wote watatu. Yule mama alisoma kwa sauti."

Nje watoto walikuwa wanakariri jedwali la saba.

"Na huyo mwenye cheti," akasema mwishoni, akifunga daftari, "akija hapa atayaandika mambo kama haya?"

"Sijui, mwalimu mkuu. Huenda asiandike."

"Ndiyo maana namtaka," akasema. Halafu akaguna, na sina hakika mpaka leo kama kule kuguna kulikuwa kicheko. Akavuta karatasi, akaanza kuandika barua, nami nikanyoosha shingo kuisoma kichwa chini miguu juu, nikashindwa. "Jumatatu njoo na hao wanne mkaweke hicho kizuizi. Lakini leo, kabla ya jua kuzama, Fundi, nirudishie pedeli zangu."