Dawa ya Mbu ya Kwenda Ifakara

Jumamosi asubuhi, kwenye duka la dawa huku kwetu Tegeta, mbele yangu walisimama mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa anasafiri kwenda Ifakara kuangalia shamba lao la mpunga kwa wiki mbili, na mama alitaka dawa ya kupaka ya kufukuza mbu.

"Mbu hawanipendi mie," mzee alisema.

"Na malaria iliyokulaza mwaka jana ilitoka wapi?" mama alimjibu bila kumtazama.

Muuzaji akaweka chupa mbili kaunta. "Hii ya mchaichai inanukia vizuri, ila haikai sana, itabidi arudie mara kwa mara. Hii nyingine ina nguvu, inakaa saa nyingi. Akitoka jasho sana, apake tena."

Mama alichagua yenye nguvu, akalipa, akaifungua palepale. Alimshika mzee mkono, akampaka kuanzia kiwiko hadi vidoleni, kisha nyuma ya masikio. "Hapa ndipo unaposahauga," alisema. Mzee alitulia kama mtoto anayevalishwa sare.

"Sasa kule nani atanipaka?" mzee aliuliza taratibu.

Mkono wa mama ukasimama shingoni. "Si useme tu unataka twende wote?"

"Tangu Jumatatu natafuta pa kuanzia."

Mama akacheka, akamgeukia muuzaji. "Mwanangu, ongeza chupa nyingine."

Nina miaka kumi na sita ya ndoa, na sijawahi kubembelezwa vizuri hivyo.