Mikono ya Emerance

Katika kambi ya waliokimbia vita kila mtu alimwita mama yake Emerance Mama Vital, kwa jina la kifungua mimba wake, na kila mama alipoitwa hivyo Emerance aliinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha kitu chini.

Walikuwa wamefika Bunia, mashariki ya Kongo, miaka mitatu iliyopita, wakitoka vilima vya Djugu. Walikimbia watatu, wakafika wawili. Alfajiri ile mama alitangulia na mizigo. Emerance na kaka yake Vital wakabaki nyuma kufungua mbuzi. Watu wenye mapanga waliwakuta kwenye migomba. Emerance alilala kifudifudi katikati ya majani, hatua chache tu kutoka kwa kaka yake, akaona yote.

Alipomfikia mama njiani, mama alikuwa ameketi chini, amekataa kwenda mbele bila mwanawe. Milio ya risasi ilikuwa ikisogea. Emerance akasema, "Vital amepanda lori la kwenda mjini Ariwara pamoja na wengine." Mama akainuka, akatembea. Ulikuwa uongo wa asubuhi moja tu, wa kumfikisha mtu mahali salama, lakini kesho yake haukuondoka, wala mwaka uliofuata. Mama alimpa dereva Claude, aliyeendesha fuso kwenda Ariwara, picha ya Vital, ili aionyeshe sokoni kila anapofika. Kila Jumatano alikwenda kumuuliza. Nyumbani, chini ya turubai, koti la Vital lilikuwa limekunjwa kwenye mfuko, likimsubiri.

Kihispania kilimjia Emerance kwa njia ya matumaini. Shule moja ya wauguzi ya masista huko Bata, Guinea ya Ikweta, ilikuwa tayari kupokea vijana wawili kutoka parokia, mradi wajue Kihispania, lugha ya darasani. Mwalimu wao alikuwa Hubert, aliyeishi Bata miaka kumi akipasua mbao. Alifundisha jioni tatu kwa juma, katika chumba cha katekisimu.

Na hapo jambo la ajabu lilimtokea. Akisema "kaka" kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, alimwona Vital: jino lililovunjika, shati jekundu la Jumapili. Lakini *hermano*, kaka kwa Kihispania, halikuwa na uso. Aliweza kuliandika kwenye daftari, akaandika *muerto*, amekufa, kando yake, kisha akafungua ukurasa mwingine.

Kwa hiyo walipoambiwa watayarishe mtihani wa kusema dakika tano kuhusu siku wasiyoweza kuisahau, wenzake waliandika juu ya ubatizo na harusi za dada zao. Emerance aliandika juu ya migomba. Mwalimu aliposoma, kisha akamsikia akiisema, alimtazama.

"Nimeitunga," Emerance akasema.

"Basi umetunga vizuri. Lakini unasema kama mutu amefungwa kamba. Mikono yako imekufa? Kule Bata watu wanasemaka na mikono. Ukisema mto, onyesha mto."

"Na mimi, Mwalimu, nikisema ng'ombe?" akauliza Destin kutoka nyuma. "Nionyeshe pembe?"

"Weye usijisumbue. Tunakuonaka tu."

Darasa likacheka. Emerance akaenda kujifunza mikono. Alijizoeza kila siku, akiinua na kushusha, midomo ikitembea, hata kwenye foleni ya maji. Mama alisikia jina la mwanawe ndani ya maneno yale asiyoyajua.

"Unasema nini juu ya Vital?"

"Ni devoir ya shule, mama."

Mtihani ulitakiwa urekodiwe kwa simu na kutumwa Bata, na mwalimu hakuruhusiwa kuwa karibu. Hubert alimwazima simu yake. Jumapili, kambi ilipokuwa kimya kwa kuwa watu walikuwa misani, Emerance alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akampa mama simu.

"Usitikisike, mama."

"Nilikubeba weye miezi tisa sikutikisika. Nitashindwa na kitu kidogo hivi?"

Akaanza. Alisema mbuzi, alisema ukungu, alisema *mi hermano* Vital, kwa sababu jina ndilo pekee lililokataa kugeuka. Na mkono wake wa kulia, uliozoezwa vizuri, ukainuka wenyewe, ukakata nyuma ya shingo. Kisha mikono yote miwili ikashuka polepole, kama ya mtu anayemlaza mtoto.

Macho ya mama yaliondoka kwenye simu, yakamtazama yeye mwenyewe. Emerance angeweza kunyamaza. Lakini zilibaki dakika mbili, na mdomo uliendelea wenyewe hadi *gracias*, asante ya mwisho.

Simu haikutikisika.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Ni hapa nafinya?"

"Ni hapo kwenye alama nyekundu."

Mama akafinya. Akaifuta simu kwa kitenge kwa kuwa ilikuwa ya watu, akaiweka juu ya godoro.

"Ulimufunika?"

Neno "devoir" lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Emerance. Halikutoka.

"Na majani ya ndizi."

"Yalimuenea?"

"Yalimuenea. Miguu tu ilibaki inje."

"Miguu yake ilikuwa mirefu," mama akasema.

Kisha akamwambia aanze tena, kwa lugha ya nyumbani. Yale ya dakika tano yalidumu mpaka watu wakarudi kutoka misani na kuwasha moto. Mikono ya Emerance ililala mapajani muda wote, haikuinuka hata mara moja.

Jumatatu Hubert aliitazama video mpaka mwisho. Hakutania. "Mikono, safari hii, iko muzuri," akasema kwa sauti ya chini, akatoka kutafuta mtandao wa kuituma. Jibu halijafika bado.

Jumatano mama alikwenda tena kwenye maegesho ya fuso, kichwa kimenyolewa kama cha mfiwa.

"Mama Vital, lete habari," Claude akasema, kisha akaona kichwa.

"Nirudishie picha."

"Lakini kesho nafika Ariwara."

"Hakufikaka kule. Usiangaishe watu tena."

"Nani alikuambia?"

"Dada yake alinionyesha."

Claude akaichomoa picha mbele ya usukani. Jua la miaka mitatu lilikuwa limeila. Shati jekundu lilikuwa jeupe, na uso haukuonekana tena vizuri. Mama akaitazama, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akarudi kambini kwa miguu.