Ng'ombe wa Mdogo Wangu

Mpaka leo nikikumbuka siku ile nasikia moto kifuani.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Olasiti kutoka shule ya serikali, huko pwani. Baba alikuwa ametoka kubebeshwa mawe ya boma la Wajerumani, mabega yamechubuka, jembe halishikiki. Basi anashinda nje ya nyumba akicheza bao na mdogo wangu wa kike, mtoto wa miaka sita hivi. Mashimo wamechimba chini kwenye udongo. Kete ni mbegu, ila kwetu kete tunaziita ng'ombe. Ukizila, umemteka mwenzako ng'ombe.

Baba ndiye aliyemfundisha. Na ndiye aliyesema, mimi nasikia, mama anasikia, "Siku ukinifunga, yule mbuzi mweupe ni wako." Mtoto akaacha hata kucheza na wenzake. Anakula ugali huku kidole kinachora mashimo.

Siku aliyomfunga, wazee wawili wa rika la baba walikuwa wamekuja kumjulia hali. Mdogo wangu akazoa kete za mwisho, akazibana kifuani.

"Baba, huna ng'ombe hata mmoja!"

Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Wewe rafiki, Mjerumani kakubebesha mawe, na huyu naye kakufagilia zizi!"

Baba hakucheka. "Mpe kaka yako."

"Nini?"

"Hao ng'ombe. Msichana hana ng'ombe. Wake ni wa kaka yake. Na yule mbuzi pia."

Mimi! Sijagusa hata kete moja, bao lenyewe nimeshalisahau!

"Baba, uliahidi," nikasema.

"Shule wanakufundisha kusahau kwenu?"

Wazee wakaitikia, ndivyo, ndivyo. Ndivyo kwa nani? Baba huyohuyo kila siku analalamika Mjerumani anakula jasho lake, halafu la mtoto wake analigawa huku amekaa!

Mdogo wangu hakulia. Akaja akanimwagia kete miguuni. "Haya, cheza naye wewe." Akaingia ndani kwa mama.

Sikucheza. Mbuzi nilikataa, baba akasema nimemwaibisha mbele ya watu. Eti mimi ndiye nimemwaibisha!

Kesho yake baba akapanga kete, akamwita mdogo wangu kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, njoo tucheze."

Mtoto akajibu kutoka ndani, "Sina ng'ombe."

Baba akanigeukia kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha maneno hayo.