Blanketi la Kompresa

Mnicheke tu, nimeshajicheka mwenyewe. Baridi ya hapa Ipogolo mwezi wa sita haina adabu. Asubuhi oili ilikuwa nzito, kompresa ya gereji yetu, ile mashine ya kujazia upepo, inaguna tu bila kuwaka. Nikaihurumia. Nikaleta blanketi kutoka nyumbani, nikaifunika kama mgonjwa, na hata ikinguruma mchana sikuifunua.

Oili ikaanza kuwa nyeusi kama masizi. Naweka mpya, siku chache imeungua. Bosi wangu, Mzee Mgaya, akauliza kulikoni. Nikajibu kifua mbele, "Karim anatuuzia oili feki!"

Tukaenda dukani kwa Karim. Nilifoka mpaka wateja wakasogea pembeni. Yeye akauliza jambo moja tu: "Fundi, mashine inapata hewa? Ikikosa kupoa, oili yoyote itaungua."

Hapo ndipo nikalikumbuka blanketi.

"Twendeni tukaione," bosi akasema.

Njia nzima sikutulia. Nikajidai nimebanwa na haja ili nitangulie. Karim akanishika mkono. "Taratibu, fundi, tumeshafika."

Kompresa ilikuwa inanguruma ndani ya blanketi, harufu ya kuungua gereji nzima.

"Nani kaifunika hivi?" bosi akauliza.

Nilikuwa nafungua mdomo nimsingizie mlinzi, mke wangu akaingia na chupa ya uji. Akasimama, akalitazama blanketi.

"Baba Upendo! Kumbe umelileta huku? Na mimi nimeshamwita jirani mwizi!"