Kichwa Changu Katikati ya Ubishi

Juzi, stendi ya Songea, niliwasikia wasichana wawili wakibishana juu ya riwaya ile maarufu ya ukoo mmoja ulioishi enzi za Vita vya Maji Maji. Mmoja alisema ilimliza. Mwenzake alisema imetiwa chumvi mno.

Nikakumbuka alasiri moja nyumbani, nikiwa bado mtoto mdogo. Shangazi alikuwa akinisuka, kichwa changu amekibana kwa magoti, mafuta ya nazi yakinitiririkia shingoni. Mama alikaa mlangoni akichambua maharage, na kila punje mbovu aliyoitupa ililia kwenye sinia la bati.

"Yule mama hana moyo," alisema shangazi. "Kuwaacha wanawe misheni, halafu akaondoka!"

"Wifi, njaa ile unaijua? Hata mimi ningewaacha."

Leo najua walikuwa wakizungumzia kitabu hicho hicho, kwani wote wawili walikuwa wamekisoma. Siku ile nilijua tu kwamba mama amesema ataniacha. Nilijaribu kuinuka, magoti yakanibana zaidi.

"Tulia wewe, sijamaliza!"

Kadiri ubishi ulivyopamba moto, ndivyo vidole vya shangazi vilivyozidi kuvuta. Nililia, wakadhani ni nywele. Hatimaye nikasema, "Mama, nitakuwa nakula kidogo tu."

Shangazi alipoelewa, alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Mama hakucheka. Alinitoa pale magotini, akanipakata na nywele zangu zilizosukwa nusu.

"Umesema kweli, wifi," alisema. "Nisingewaacha."